Krismasi ya Kwanza Bila Sulle

Mwaka ule mvua zilichelewa kijijini Nambis, na Krismasi iliwakuta kwenye vumbi na upepo. Hata hivyo Verediana aliwachinjia wanawe na wajukuu kondoo. Ilikuwa Krismasi yao ya kwanza tangu mumewe, Sulle, afariki.

Gidamis, mdogo wa marehemu, aliwasha moto wa kuchomea nyama nyuma ya nyumba, palepale kaka yake alipozoea kuuwasha. Nyama ilipoiva, wote wakaingia ndani kula.

Verediana hakuigusa nyama yake. Alimkumbuka Sulle, ambaye sikukuu zote alikula nje, amesimama kando ya moto, sahani mkononi. Jambo hilo lilikuwa likimuudhi.

"Mwanaume gani huyu," alizoea kumwambia, "Krismasi anakula na moto badala ya kula na mke wake?"

Sulle alikuwa akicheka tu. "Nakuja, mama Lucia. Anzeni."

Sasa angetoa chochote aisikie tena sauti ile ikimdanganya kwamba inakuja.

"Mama, mbona huli?" aliuliza Lucia, binti yake aliyekuja kutoka Dodoma.

"Nakula, mwanangu."

Ndipo ng'ombe wakaanza kulia. Verediana alitoka mbio. Upepo ulikuwa umerusha cheche hadi kwenye lundo la mabua ya mahindi kando ya zizi, na upande mmoja ulikuwa unawaka.

"Moto! Shemeji, fungua zizi!"

Gidamis aliwatoa ng'ombe. Lucia alishika ndoo; ilikuwa tupu, na pipa lilikuwa limebaki na maji kidogo tu chini. Wakalowesha magunia kwa maji hayo wakaupiga moto nayo. Verediana aliurushia udongo kwa koleo, huku majirani waliosikia kelele wakivuta mabua mazima na kuyasogeza pembeni. Moshi uliwatoa machozi. Moto ulipozimika, nusu ya mabua ilikuwa imeteketea na miti ya zizi imekuwa myeusi, lakini hakuna mtu wala mnyama aliyeumia.

Gidamis alikaa chini.

"Nisamehe, shemeji. Niliacha makaa yanawaka. Kaka alikuwa anajaza ndoo tangu asubuhi, na haondoki mpaka ameyamwagia maji na kuyafukia. Nilimwona miaka yote. Nikadhani ni mazoea yake tu."

"Hata mimi," alisema Verediana. "Nilidhani hapendi kukaa na mimi."

Lucia alimshika mkono. Verediana akalia, si kwa ajili ya mabua.

Kesho yake walihamishia mabua yaliyobaki mbali na nyumba na zizi, na Gidamis akachimba shimo la kuchomea nyama katikati ya uwanja, tayari kwa Mwaka Mpya. Jioni Verediana alikwenda peke yake kaburini kwa Sulle, upande wa chini wa shamba. Alikaa hapo hadi baridi ikaanza kuuma. Alitaka sana kumwambia kwamba ameelewa, lakini kila alipofungua kinywa, alijikuta anamwita kwa jina tu.