Nyumba Iliyoitika Marahaba

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2007, Elisante aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba ya mkulima iliyokuwa kwenye ua wa nyuma wa hoteli moja ya Al Garhoud, Dubai, akavua kofia, akasema, "Shikamoo."

Nyumba ilijengwa mwaka 1683. Elisante alizaliwa 1966. Hata mtoto wa chekechea angejua nani amwamkie nani.

"Marahaba," nyumba ikaitika kupitia tundu la moshi.

Nick, mlinzi wa zamu, kijana wa Nyahururu, akaandika kwenye kitabu cha matukio: "06:10. Fundi ameamkia nyumba. Nyumba imeitika. Hakuna shida." Kisha akarudi kwenye chai yake.

Nyumba hiyo ilitoka Ulaya ya kaskazini ndani ya kontena, kila boriti na namba yake, kwa sababu mwenye hoteli alitaka mgahawa wenye historia. Nyumba ya kale ya kwao, hapohapo Dubai, alikuwa ameibomoa mwaka uliotangulia ili apate maegesho. Elisante naye aliletwa kutoka Arusha, alikokuwa akiezekea hoteli za watalii. Mkataba wake ulikuwa na mstari mmoja wa maana: atarudi kwao paa likikamilika. Pasipoti yake iliwekwa kwenye droo ya meneja, ambaye wote walimwita sir, eti isipate vumbi.

Elisante hakuwa na wasiwasi. Chumba kimoja, matete yapo, miezi mitatu inatosha. Kipaimara cha binti yake Anna kilikuwa Jumapili ya tarehe tisa Desemba, kule Machame, na alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake mwenyewe kwamba atakaa benchi la mbele. Muda ulikuwa bwelele.

Tatizo ni kwamba hoteli ilinunua chumba cha kwanza tu, kile cha 1683, chenye moto katikati na mlango mmoja wa watu na ng'ombe. Sehemu zilizoongezwa baadaye zilibaki Ulaya zikioza. Zilionekana kwenye mchoro uliotundikwa mapokezi, kila moja na mwaka wake.

Baada ya wiki ya shikamoo, nyumba ikaota ghala. Alhamisi asubuhi lilikuwepo, kenchi tupu, refu kama kanisa la mtaa. Sir alilitazama, akaangalia mchoro, akakuta limeandikwa 1741, akaridhika.

"Yalla, Elisante," alisema. "Paa ni paa."

Mwezi wa sita likaota zizi, likiwa na harufu yake. Mwezi wa nane ukaota ukuta wa matofali kati ya wenye nyumba na ng'ombe, maana karne ya kumi na nane familia ilistaarabika, ikagundua kwamba ng'ombe wananuka. Watumishi hawakustaarabika, wakabaki upande wa ng'ombe. Kila kilichoota kilikuja na paa lake la kuezeka, na kila lilipobaki kama pima moja tu kufunga mgongo wa paa, nyumba ikaongeza tena.

"Wewe ndo uloianza," alisema Joha, mfanya usafi kutoka Unguja, akikung'uta zulia. "Umeiamkia, imejiona mzee wa watu. Sasa yakutafutia pa kulala. Nyamaza, nayo itanyamaza."

"Nitampitaje mzee bila salamu, Joha? Mimi nimelelewa."

"Haya. Lelewa, basi."

Nick alisema kwao Kenya wangeisalimu "sasa" tu na maisha yangeendelea.

Mwezi wa kumi, juu ya zizi, ikaota dari ya watumishi, hatua nne kwa mbili, mahali ambapo joto la ng'ombe hupanda. Sir akasema ina uhalisia, akawahamishia humo mafundi sita, Elisante akiwemo. Joto la ng'ombe lilipanda vizuri sana, juu ya lile la Dubai. Kwenye boriti palichongwa kwa kisu majina ya waliowahi kulala pale, na mbele ya kila jina maneno yaleyale. Madam mmoja mtaalamu wa majumba, aliyekuja kupiga picha mwezi uliofuata, aliwasomea: "mpaka paa liishe." La mwisho, mwaka 1811, lilikuwa Elisante. Madam akasema mwandiko ni wa wakati ule kweli.

Usiku ule Elisante aliona uchungu hasa. Nyumba ilimpenda, alijua. Ilimpa mtu wa kazi chumba pekee ilichokijua.

Asubuhi alibeba ngazi, akapita kimya. Mgongo ulimwasha kwa aibu. Nyumba ikakohoa kidogo, kama mzee anayekumbusha kwamba yupo. Akapanda. Akafanya hivyo wiki tatu, kila asubuhi akiuma midomo, na nyumba haikuota hata rafu. Ndege za uwanjani zilipita juu ya kichwa chake, naye akazitazama kama mtu mwenye tiketi.

Jumanne ya tarehe nne Desemba alishona fungu la mwisho la matete. Khalas. Joha alipiga vigelegele akiwa na ufagio mkononi.

Sir akashuka na pasipoti, pamoja na kitabu cha matukio. Alikuwa amekisoma chote, tangu Machi hadi ile mistari ya mwisho: "Fundi hajaamkia nyumba. Nyumba haijaota kitu."

"Buda, mimi naandikanga tu kile nimeona," Nick alimnong'oneza Elisante.

Kwa miaka minne sir hakuwahi kuitikia salamu ya mfanyakazi yeyote. Alisimama mbele ya ukuta, akavua miwani ya jua, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema. Matamshi yalikuwa safi. Alikuwa amefanya mazoezi.

"Marahaba, mwanangu!" nyumba ikaitika, kwa furaha ya mzee aliyesuswa wiki tatu. Upande wa nyuma kenchi zikaanza kuchomoza moja baada ya nyingine, ghala la pili, mara mbili ya lile la kwanza, ambalo halikuwa kwenye mchoro wowote.

Sir akarudisha pasipoti mfukoni.

"Paa halijakamilika," alisema, akaenda kuagiza meza zaidi za mgahawa.

Elisante alikaa juu ya mzigo wa matete mpaka jua likawa kali. Akapiga simu Machame, akaongea na Anna, akamwambia avae gauni lile jeupe na asiangalie benchi la mbele.

Kitabu cha matukio, Jumapili, tarehe tisa Desemba: "06:10. Fundi ameamkia nyumba. Nyumba imeitika. Hakuna shida."