Rimoti ya Madam Elieth

Mwalimu Otmar alianza kufundisha fizikia Kharumwa shule ikiwa na madarasa mawili tu. Wazazi walimheshimu, na wanafunzi wake wa zamani walimwalika kwenye harusi zao. Kisha akaja Elieth, binti wa Ushirombo aliyetoka chuoni juzi tu, akapewa kidato cha tatu.

Siku moja Otmar alisikia kelele darasani kwa Elieth, akasogea dirishani. Elieth alikuwa ameelekeza rimoti ya king'amuzi kwenye kamera ya simu yake ya bei rahisi.

"Kwa macho hamwoni kitu," alisema. "Sasa tazameni kwenye simu."

Akabonyeza. Kwenye kioo cha simu, taa ndogo ya rimoti ikawaka zambarau.

"Mayu wane!" alipiga kelele Mbuke, akimwita mama yake kwa Kisukuma, msichana ambaye kwenye vipindi vya Otmar hakuwahi hata kunyoosha mkono. "Madam, rudia!"

Otmar akaondoka dirishani kabla Elieth hajarudia. Mkuu wa shule aliposema wa kidato cha nne nao waonyeshwe jambo hilo, Otmar aliharakisha kujibu, "Hao ni wanafunzi wangu. Nitawaonyesha mwenyewe."

Alikuwa na simu kubwa ya kisasa, zawadi ya mwanawe aliyeko Geita. Hakufanya mazoezi. Jambo analoliweza msichana yule, alijiambia, halinishindi mimi.

Siku ilipofika, mkuu alikuja na Elieth, wakaketi nyuma. Otmar akaeleza habari za mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, vizuri kabisa, kisha akabonyeza rimoti mbele ya simu. Giza. Akabonyeza tena. Akabadilisha betri. Vicheko vikaanza upande wa dirishani.

Elieth akainuka taratibu. "Samahani, mwalimu. Jaribu kamera ya mbele, ile ya selfi."

Otmar alitamani kukataa. Akageuza kamera, akabonyeza. Taa ikawaka.

"Madam, kwa nini ya nyuma imekataa?" aliuliza kijana mmoja, na darasa zima likageuka kumtazama Elieth.

"Simu nyingi nzuri zina kichujio kwenye kamera ya nyuma," alijibu. "Kinazuia mionzi hii. Mara nyingi ya mbele haina."

Wakapiga makofi. Otmar alibaki mbele ya darasa, simu mkono huu, rimoti mkono ule, akitazama visogo vyao.

Baada ya kipindi Elieth alimfuata. "Hata mimi ilinigomea chuoni, mwalimu, mbele ya mkufunzi."

"Umeeleza vizuri," alisema Otmar. Ulikuwa ukweli, na kuutamka kulimuuma kuliko vile vicheko.

Jioni alikwenda kwa mkuu, akaomba mada yote ya mionzi apewe Elieth. Hakuwa tayari kusimama tena mbele ya watoto wanaomngoja mwalimu mwingine.

"Una moyo mkubwa, Mwalimu Otmar," mkuu alisema, akimshika mkono.

Otmar akashukuru, akaaga, akaenda zake.