Karatasi Nyekundu Imekwisha

Ansoifa alirudi kutoka kwenye foleni ya mchele bila mchele. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na saumu yake, mbele ya duka la serikali pale Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be, akisikiliza kipaza sauti kikijaribiwa juu ya nguzo kwa ajili ya sherehe za kesho yake: moja, mbili, uhuru, moja, mbili, uhuru. Mwishowe dirisha la duka likafunguliwa, mtu akachungulia, akasema gari halijavuka, akalifunga. Kipaza sauti kilikuwapo. Bendera zilikuwapo. Jukwaa la wakubwa lilikuwapo, tena la mbao mpya. Karibu miaka kumi ya kuimbiwa mapinduzi, na sabuni ilitafutwa kama dawa, mshumaa ulikatwa vipande, lakini hotuba hazikuwahi kuadimika hata siku moja.

Alichotaka sasa ni kunawa uso, kukoroga uji wa futari mapema na kulala kidogo. Akafika kwake, akakuta baraza imegeuka karakana ya wendawazimu. Fito za mwanzi uliopasuliwa zilikuwa zimetapakaa hadi mlangoni. Vipande vya karatasi viliruka kila upepo ulipopita. Katikati alikaa Allaoui, mdogo wa wote, anatafuna uzi. Zoubeir, wa miaka saba, alikuwa amempaka paka gundi mgongoni na sasa anajaribu kumkausha kwa kumpepea.

"Mama, usikanyage!" alipiga kelele Laïla, binti yake mkubwa. "Hapo pana taa!"

"Na pa kukanyaga ni wapi? Niruke?" Kisha akaiona sufuria. "Zoubeir. Humo mna nini?"

"Gundi."

"Gundi ya nini?"

"Ya unga. Koko ametufundisha. Unachemsha, unakoroga, unaacha ipoe."

"Unga upi?"

Zoubeir akamtazama paka. Unga ndani ya nyumba ulikuwa mmoja tu, wa muhogo, nao ulikuwa uji wa jioni ile.

Koko, ndiyo bibi yao Kalathoumi, mama mkwe wa Ansoifa, alikuwa ameketi ukutani na mkasi mkononi, hana habari na mtu. Na yule aliyeanzisha yote haya, mumewe Boinali, alikuwa amejinyoosha mkekani, kofia usoni. Boinali alifanya kazi kwenye tishari linalovusha watu na mizigo kutoka Antsahampano, ng'ambo ya bara, na akiwa nyumbani hukuwahi kuona kazi aliyoimaliza. Alileta karatasi, akafunga fito zikawa umbo la nyumba ndogo, akawaamsha watoto wote kwa furaha, kisha akachoka.

Shule ndiyo iliyodai taa. Kila mkesha wa uhuru, giza likianza kuingia, watoto wa nchi nzima hupita mitaani wakibeba taa za karatasi zenye kipande cha mshumaa ndani, na mwaka ule wa themanini na nne mkesha uliangukia Ramadhani, saa ile ile ya kufuturu. Mwalimu alisema kila mtoto aje na taa yake, na iwe na rangi za taifa. Nyeupe, nyekundu, kijani. Hakusema karatasi itatoka wapi.

"Nyekundu iko wapi?" aliuliza Ansoifa.

"Imekwisha," ilijibu kofia. "Mjini kote. Muhindi amebakiwa na kijani na nyeupe tu. Ungetaka nifanye nini, nijikate kidole?"

"Nisingekuzuia."

Laïla hakuweza kungoja zaidi. Aliinyanyua taa kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa mbele umwelekee mama yake. "Koko ndiye aliyekata. Tazama!"

Taa ilikuwa ya kijani pande zote. Mbele, kwa karatasi nyeupe, palikuwa na mwezi mwandamo, umekatwa kwa mkono usiotetemeka, na ndani ya tao la mwezi, nyota nne zimepangwa.

"Huyu Laïla," alisema Koko akinyoosha mkasi, "huyu Zoubeir, huyu Rabiata, na huyu wa mwisho ni Allaoui. Mwezi ni mimi, nimewabeba."

Ansoifa akakaa chini, juu ya fito, zikavunjika.

Aliijua sura ile. Kaka yake Mouhamadi, aliyepelekwa Komoro kwa ndege pamoja na maelfu wengine walionusurika Mahajanga, alimtumia kalenda kutoka Moroni, na juu ya kalenda palikuwa na bendera mpya ya kule: kijani, mwezi mweupe, nyota nne, moja kwa kila kisiwa. Ansoifa hakuitundika. Aliitandika chini kabisa ya sanduku la nguo, uso umelala.

"Mama," alimwambia Koko taratibu, "unajua umetengeneza nini?"

"Taa."

"Umetengeneza bendera ya Komoro! Mtoto apite mbele ya jukwaa la wakubwa, mkesha wa uhuru wa Madagaska, amebeba bendera ya Komoro, tena inawaka!"

Kofia ikainuka kidogo. "Ee," alisema Boinali. "Kumbe kweli."

"Kumbe! Wewe umekaa hapo unaitazama toka asubuhi!"

"Nilikuwa nimelala."

"Bendera gani ina mshumaa ndani?" aliuliza Koko. "Mimi bendera yao sijaiona, wala sijawahi kukanyaga huko Komoro. Nimezaliwa Mahajanga, na mama yangu kazaliwa Mahajanga. Taa za Ramadhani tulizikata hivi hivi kule Tanambao, kabla hao wenye bendera hawajaota meno. Wao ndio walioniiga mimi."

"Tanambao ni wapi?" aliuliza Laïla.

Ansoifa akaanza kuokota fito zilizovunjika.

"Ni mtaa," alisema Ansoifa.

"Wa wapi?"

"Nenda kamwoshe paka."

Watoto waliambiwa kwamba wao ni wa Nosy Be, wamezaliwa Nosy Be, basi. Ansoifa ndiye aliyeamua, na mumewe hakubisha. Barabarani walisema Kimalagasi cha hapa hapa, hata wao kwa wao. Kingazija, lugha ya Komoro, kilibaki jikoni, kwa sauti ya chini. Kwa nini mtoto abebeshwe mzigo huo? Ajue nini, kwamba Desemba ya sabini na sita, mjini Mahajanga, watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliamka na mapanga kuwawinda jirani zao wenye asili ya Komoro? Waliosimulia walisema ugomvi ulianza kwa kinyesi cha mtoto kwenye ua wa jirani. Kinyesi cha mtoto! Ansoifa alikuwa na watoto wanne, alijua kinyesi ni kitu cha maji na majivu. Watu waliuawa siku tatu, nyumba zikachomwa wenyewe wakiwa ndani, na hakupatikana mkubwa hata mmoja wa kuona aibu. Yeye na Boinali na Koko waliokolewa na mama mmoja Msakalava, mwenyeji wa pale, aliyewafungia jikoni kwake, akakaa mlangoni akisonga nywele kana kwamba hakuna jambo. Kisha wakavuka ghuba hadi Katsepy, Laïla mgongoni, na kutoka Katsepy wakajivuta wiki kwa wiki mpaka hapa. Na hapa Ansoifa alijiwekea sharti moja: mtoto wake asinyooshewe kidole. Asiwe na kitu kinachomtenga na wenzake, si nguo, si neno, si taa.

Akaichukua taa, akaanza kuibandua nyota moja kwa ukucha. Gundi ya Koko ilikuwa gundi kweli. Nyota haikutoka, ilitoka karatasi ya kijani, ikaacha tundu. Laïla akapiga ukelele kama aliyechunwa ngozi.

"Nyota yangu hiyo! Umenitoboa mimi!"

"Nitakukatia nyingine, mjukuu wangu," alisema Koko, na kabla Ansoifa hajasema kitu alikuwa ameshaziba tundu na kubandika nyota kubwa kuliko ya kwanza. Gundi bado ilikuwapo tele. Uji wa watu saba ulikuwa mle ndani.

Hapo ndipo alipofika Djaanfar. Yeye alikuwa mtu wa kamati ya mtaa, mwenyewe Mwislamu, wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, na tangu asubuhi alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na kitambaa cha sherehe mkononi, kuona kama watoto wana taa. Alipiga hodi, akaingia huku akitabasamu, akaiona taa, tabasamu likadondoka.

"Mama Laïla," alisema, "mtoto wako ana homa."

"Hana homa, Bwana Djaanfar. Ni saumu yako inakuchanganya."

"Nakwambia ana homa. Homa kali. Mwalimu nitamweleza mimi." Akasogea, akapunguza sauti. "Mimi na nyinyi tunasali msikiti mmoja. Likianza neno, halitachagua nani wa Komoro na nani wa hapa. Mwaka huu mtoto abaki ndani. Fungeni mlango, kaeni kimya, yapite."

Mpaka dakika ile Ansoifa alikuwa tayari kuichana taa ile vipande vipande. Alikuwa ameshapanga hata uongo wa kumwambia Laïla. Lakini maneno yale aliyajua. Fungeni mlango, kaeni kimya, yapite. Ndivyo walivyoambiwa Tanambao, jioni ya kwanza, na wazee wenye kanzu safi waliopita wakiwatuliza watu. Dada yake Hayrat alikuwa mtiifu. Alifunga mlango, akakaa kimya na wanawe. Mlango ulifunguliwa kwa petroli.

"Nani kakwambia yanapita?" aliuliza.

"Taratibu, mama. Mambo ya zamani hayo."

"Zamani ya nani? Kabla hujazaliwa wewe? Huyu mtoto ana miaka kumi, naye alikuwako!"

Djaanfar aliwatupia jicho watoto, kisha akamgeukia Boinali, maana alizoea kusemezana na wanaume. "Baba Laïla, ongea na mkeo."

Boinali alikuwa ameketi sasa. Alijikuna kidevu. "Nimeshakaa naye miaka kumi na mbili," alisema. "Ongea naye wewe."

"Laïla atapita," alisema Ansoifa. "Atapita na taa hiyo hiyo, na mimi nitapita naye, nimshike mkono. Mtu akiwa na swali aniulize mimi. Nilizaliwa nchi hii, nimepanga foleni ya mchele wa nchi hii leo toka alfajiri, nimerudi na kikapu kitupu kama kila mzalendo."

Djaanfar aliondoka akitikisa kichwa, bila kuaga.

"Na futari?" aliuliza Boinali.

"Futari iko kwenye taa. Kailambe."

Adhana ya magharibi iliwakuta barabarani. Ansoifa aligawa ndizi mbivu na chupa ya maji, kila mtu akafungua saumu kwa kusimama, Koko akinung'unika kwamba hata punda hufuturu kwa utulivu. Kisha watoto wakawasha mishumaa. Upepo ulizima nusu yake, nusu nyingine ukaigeuza moto. Taa mbili za watoto wa jirani ziliungua kabla ya kufika kona. Zoubeir alitumbukia kwenye mfereji na kiatu kimoja kikabaki humo. Rabiata alitaka kubebwa. Allaoui alikuwa ameshabebwa na bado anataka kubebwa. Boinali aliimba kuliko watoto wote, tena nje ya sauti.

Lakini taa ya Laïla iliwaka. Koko alikuwa ameukata mwezi mwembamba kiasi kwamba mwanga ulipenya kingo zake, na ule ukijani ulifanya uso wa mtoto uonekane kama uko chini ya maji. Walipolikaribia jukwaa, Ansoifa alimkaza mkono hadi mtoto akalalamika. Wakubwa walikuwa wamekaa kwenye mbao zao mpya. Mmoja alipiga makofi. Mmoja alipiga miayo. Mwalimu aliinama, akaitazama taa, akasema, "Nzuri sana, imebandikwa vizuri," akageukia taa nyingine.

Basi. Hawakuitambua. Ansoifa alihisi hasira mpya, ya kijinga kabisa: siku nzima amekufa kwa hofu kwa ajili ya watu ambao hata bendera ya jirani zao, siku moja baharini, hawaijui!

Walikuwa wameshalipita jukwaa. Pale kwenye kona, vijana walikuwa wameegemea ukuta wanatafuna karanga. Mmoja aliitazama taa, akamtazama Koko na shiromani yake, lile shuka wanalojitanda wanawake wa Komoro, akacheka na wenzake.

"Hee, ajojo nao leo wana uhuru?"

Hakupiga kelele. Alilisema kama mzaha, na wenzake wakacheka kama mzaha, na watu waliokuwa karibu wakatazama mbele. Laïla akageuza shingo.

"Mama. Ajojo ni nini?"

Ansoifa alikuwa na majibu tayari, aliyatayarisha miaka mingi. Ni neno la walevi. Ni jina la ndege. Sikusikia, umesikia vibaya, tembea. Boinali aliacha kuimba. Koko alimtazama mkwewe.

Ansoifa akasimama. Akamjibu binti yake kwa Kimalagasi, si kwa lugha ya jikoni, na kwa sauti ambayo ukuta ule uliisikia.

"Ajojo ni sisi. Ni jina walilotuita watu wa Mahajanga siku walipotuua. Wewe ulizaliwa kule, Tanambao, na ulikuwa mgongoni mwangu. Mama yako mkubwa Hayrat walimchoma ndani ya nyumba yake na watoto wake wawili. Mmoja alikuwa na umri wako."

Kijana wa karanga alishusha mkono. Hakuna aliyecheka tena, wala hakuna aliyeomba radhi.

"Ulisema nilizaliwa hapa," alisema Laïla.

"Nilisema. Nyanyua taa, mkono wako unashuka, utaiunguza. Ukifika nyumbani utaniuliza yote, na Koko utamuuliza."

Laïla akainyanyua taa. Lakini hakungoja wafike nyumbani. Alianza kuuliza pale pale, katikati ya barabara, watoto wa watu wakiwasukuma kwa nyuma: hao watoto wawili waliitwa nani, na wao wenyewe waliponea wapi, na watu wale waliua kwa nini. Na Ansoifa, njaa inamkata, mtoto mmoja kiunoni na mwingine amening'inia kwenye nguo, akaanza kujibu.