Pua ya Mlinzi

Kama kuna kitu Ntate Moshabesha, yaani Bwana Moshabesha, alikichukia duniani, ni makamasi. Alikuwa nesi wa miaka kumi na sita kazini, viatu vinang'aa, shati limenyooshwa, lakini mtoto akipiga chafya mbele yake alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Wenzake pale zahanati ya Ha Lefokisi walimcheka, na Malineo, nesi mwenzake, ndiye aliyecheka kuliko wote. Hakuna aliyejiuliza mtu wa namna hiyo alipewaje kazi ya kuchokonoa pua za watu.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kila wiki ya majira ya baridi, wagonjwa saba wenye homa na kikohozi waliingizwa kijiti cha pamba puani mpaka ndani kabisa, kijiti kikatumbukizwa kwenye kichupa, na Ijumaa gari la wilaya likavipeleka vichupa maabara. Majibu ndiyo yaliyowaambia wakubwa mafua makali yamefika wapi, bweni gani lifungwe, hospitali gani iongezewe oksijeni. Kila fomu ilitaka sahihi mbili, ya aliyechukua sampuli na ya aliyeshuhudia.

Mwaka huo theluji ilishuka mapema milimani, na kufikia Julai foleni ya zahanati ilikuwa inakohoa kuanzia getini. Ajabu ni kwamba kwenye chati ya wilaya ya wagonjwa wa mafua makali, Ha Lefokisi ilikuwa na sifuri. Wiki ya kwanza sifuri, wiki ya sita sifuri.

Alhamisi asubuhi Malineo alikwenda shuleni kumwona binti yake, Lineo, msichana mwenye pumu, aliyelala bwenini na wenzake mia moja na ishirini, wawili wawili kitandani kwa sababu ya baridi. Alimkuta anavuta pumzi kwa mabega. Vitanda kumi na viwili vilikuwa na wagonjwa. Bweni lilinuka mafuta ya taa na matapishi, na katikati ya chumba palikuwa na ndoo ya makohozi iliyojaa mpaka ukingoni. Malineo, pamoja na unesi wake wote, aliziba mdomo.

"Mè Nteboheng, warudishe hawa watoto makwao," alimwambia mwalimu mkuu, akimwita Mè, yaani Mama, kwa heshima. "Haya si mafua ya kunywa chai ukapona."

"Sifungi bweni bila ruhusa ya wilaya, na wilaya inasema sifuri. Hiyo sifuri si inatoka kwenu?" Mwalimu mkuu alimtazama juu mpaka chini. "Tena wewe ndiye wa kuniambia? Huyu wako alianza kukohoa mwezi uliopita, ukamchukua, ukamrudisha na majibu mkononi. Ukasema hana mafua, alale na wenzake."

Ni kweli alisema hivyo. Nesi haruhusiwi kumpima mwanawe, kwa hiyo Lineo alipimwa na Moshabesha, mlango umefungwa, na mama yake akingoja nje. Malineo aliinama kitandani.

"Mwanangu, siku ile kijiti kilikuumiza sana puani?"

"Kijiti gani, Mama? Alisimama kule mlangoni, akanimulika tochi kooni. Basi."

Malineo hakumuaga mtu. Alirudi zahanati nusu akikimbia, na nyuma ya stoo akawafumania. Mlinzi, mzee Tsolo, alikuwa amekaa juu ya kreti, kichwa nyuma, machozi yanamtiririka, na Moshabesha, barakoa mbili usoni, alikuwa akimchokonoa pua. Mezani vichupa sita vilikuwa vimekwisha kuandikwa majina ya watu ambao, muda huohuo, walikuwa kwenye foleni wanakohoa.

"Polepole, Ntate!" Tsolo alilalamika. "Pua yangu si kisima cha kijiji."

"Vumilia, kimebaki kimoja. Mkate wako ule pale."

"Mnafanya nini?" Malineo aliuliza.

Moshabesha hakushtuka sana. "Usipige kelele, Mè. Makamasi ya watu siyawezi, nikiyaona natapika. Huyu mzee ni mzima, pua yake kavu."

"Ndiyo maana ni sifuri! Wiki sita unampima mtu mzima!"

"Vinatakiwa saba, vinakwenda saba. Nani amelalamika?"

"Mimi niliambiwa ni utafiti," Tsolo alisema, akiukumbatia mkate wake.

Malineo alimtazama yule mwanamume msafi, kucha zimekatwa vizuri, na karaha ikampanda mpaka akahisi uchungu ulimini. Ile ndoo ya bwenini, na kinyaa chake chote, ilikuwa na heshima kumpita. Alitamani kumtemea mate.

"Na mwanangu? Mwanangu mwenye pumu, Moshabesha? Ulijua nitamrudisha kulala na wenzake!"

"Kabla hujanila nyama, fungua faili." Alilisukuma kwa kidole kimoja. "Nyani haoni kundule, Mè Malineo."

Alifungua. Fomu ya Lineo ilikuwa ya tatu. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Moshabesha. Sahihi ya shahidi ilikuwa yake yeye, imeandikwa haraka, na pembeni pana duara la kahawia la kikombe. Ndivyo alivyosaini kila Ijumaa, fomu saba kwa mkupuo, chai mkono wa kushoto, dereva akipiga honi nje. Hakuwa amesoma hata moja. Hata jina la mwanawe hakuliona.

Alivimwaga vile vichupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akatoka na vijiti vipya, akawaita wagonjwa saba wa mbele, akawapima mmoja mmoja, makamasi yakimrukia mikononi na kwenye mikono ya sare. Hayakumtia kinyaa hata kidogo. Kinyaa alikuwa nacho kwa mtu mwingine, na mtu huyo, yeye mwenyewe, hakuweza kumkimbia.

Lakini majibu ya maabara yangechukua siku kumi, na Lineo hakuwa na siku kumi. Jioni alisimama tena bwenini mbele ya mwalimu mkuu.

"Ile sifuri ni ya uongo. Hatukumpima mgonjwa hata mmoja. Moshabesha alighushi, na mimi nikashuhudia nisichokiona."

Mwalimu mkuu alichomoa karatasi na kalamu. "Maneno hayafungi bweni. Andika, nimpigie mkuu wa wilaya na kumsomea."

Malineo aliandika akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alipomaliza akaweka sahihi, akanyoosha mkono kumpa. Mè Nteboheng hakuipokea.

"Umeisoma?"

Wasichana waligeuza vichwa kumtazama. Malineo aliivuta karatasi, akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia jina lake mwenyewe. Alipofika kwenye jina la binti yake, aliyerudishwa bwenini bila kupimwa, Lineo alivuta blanketi akajifunika uso.