Chembe cha Kumi cha Trask

Kwaru. Kimya. Kwaru. Tupa ilikuwa ikila chuma mahali fulani nyuma ya nyumba, polepole, kwa mkono usiozoea. Wendell Kubiak alikuwa bado ameshika mlango wa pikapu yake, mguu mmoja kwenye theluji. Aliganda hivyo hivyo. Miaka thelathini na minne alisimama kwenye mashine za kukandamiza mabati ya magari, na miaka arobaini na mmoja amekusanya vyembe vya mishale ya kuwindia, vile vipana vya zamani vilivyoangusha kulungu kabla yeye hajazaliwa. Masikio yake yalijua chuma laini na chuma kigumu. Hiki kilikuwa chuma kigumu, chembamba, cha zamani.

Mtu wa miaka sabini na miwili hakimbii juu ya barafu. Wendell alikimbia.

Ndani ya banda, Ardith Hoekstra alikuwa amesimama mbele ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha marehemu mumewe, amevaa koti la marehemu lililomfika magotini. Alipomwona mgeni aliweka tupa chini, akamlaumu kwa kufika mapema. Alitaka amalize kwanza. Mezani, juu ya taulo la jikoni, vyembe thelathini na kitu vilikuwa vimepangwa safu safu, vinang'aa kama vijiko vipya. Pembeni palikuwa na brashi ya waya na ndoo ya siki iliyogeuka nyekundu kwa kutu.

Siku tatu nzima, alisema, amekuwa akivisafisha ili asiaibike mbele ya mgeni. Merle, mumewe, aliviacha vichafu maisha yake yote, na kila Ardith alipotaka kuvigusa alimkemea. Yeye alidhani ni uvivu wa wanaume.

Wendell aliiangalia ile meza kama mtu anayeangalia ajali. Uchafu ndio maandishi ya chembe. Rangi iliyoganda kwenye ufa, kutu ya rangi ya kahawa, alama ya nyundo kwenye shingo, pale mti wa mshale unapoingia: kwa hayo hujulikana kimetoka mkononi mwa nani na mwaka gani. Ukikisugua hadi king'ae, umekikata ulimi.

"Vimependeza?" Ardith aliuliza.

"Vinang'aa, shemeji."

"Leo nimekuwa shemeji." Alifuta mikono kwenye koti. "Miaka ishirini na tisa sikuwa shemeji wa mtu."

Miaka ishirini na tisa iliyopita, katika mkutano wa Julai wa chama cha wakusanyaji, Merle aliingia ukumbini na kopo la tumbaku. Ndani yake kulikuwa na chembe kimoja, kimelazwa juu ya pamba. Alisema ni cha Amos Trask. Kila mtu mle ukumbini alimjua Trask, fundi wa majiko aliyefua vyembe kumi na viwili tu, majira ya baridi ya mwaka 1938, akavipaka rangi nyeusi ya jiko na kugonga namba kando ya tundu la kila kimoja. Vilikuwa vimepatikana tisa. Merle alisema chake ni cha kumi kupatikana, amekirithi kwa mjomba wake.

Wendell ndiye aliyekuwa akikaa kwenye meza ya utambuzi. Sheria ilikuwa yake, ameitunga mwenyewe na kuiandika kwa mkono wake: pasipo namba hapana jina. Namba ya chembe kile ilikuwa imefunikwa na kutu. Merle alimwomba achukue lenzi, achokonoe taratibu kwa sindano. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini watu themanini walikuwa wanatazama, na Wendell alikuwa na miaka arobaini na mitatu na sifa nyingi kuliko zilivyomfaa. Hakukigusa. Alimuuliza Merle, kwa sauti ya kufika nyuma ukumbini, kama amekikata kwenye kopo la dagaa.

Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Merle alifunga kopo lake akatoka, na hakurudi tena. Kuanzia siku hiyo wakamwita Bwana Dagaa. Walimwita hivyo hata dukani, anaponunua chakula cha ng'ombe.

Wiki tatu zilizopita alianguka humu humu bandani, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Ndipo Ardith akapiga simu. Hakutaka pole wala maua. Alitaka Wendell aje akiangalie kile chembe kwa macho yake, amwambie kama mumewe alikuwa mwongo au hakuwa.

"Nilimuunga mkono miaka yote hiyo," alisema sasa, akilegeza jiliwa. "Lakini usiku mmoja mmoja nilijiuliza. Watu themanini wakicheka, na wewe unacheka kidogo moyoni. Nataka kujua nimemzika nani."

Akakitoa chembe kile jiliwani, akamwekea kiganjani. Kilikuwa bado na joto la tupa.

Wendell alikipeleka dirishani. Akapima upana, akapima unene, akakilaza kwenye mizani yake ndogo. Akaweka lenzi jichoni. Shingoni mlikuwa na matone matatu ya shaba ya kuungia, la katikati kubwa kuliko mengine. Tundu halikuwa duara kamili, maana keekee ya kutobolea ya Trask ilikuwa imechakaa na fundi hakuwa na hela ya nyingine. Kati ya vile tisa, vinane vimepita mikononi mwa Wendell. Kidole gumba chake kilijua kabla yeye hajakubali.

Kando ya tundu, pale namba inapokaa, palikuwa peupe. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa mibichi, imepita huku na huku.

"Hapo palinitesa," Ardith alisema nyuma yake, kwa fahari kidogo. "Palikuwa na kakovu kagumu, kama fimbo iliyopinda kichwani. Siki haikukatoa. Asubuhi nzima nimekahangaikia."

Namba ambazo hazijapatikana ni tatu: nne, saba na kumi na moja. Wendell aliendelea kutazama kwenye lenzi muda mrefu baada ya kuacha kuona. Saba. Ilikaa chini ya kutu tangu fundi alipoigonga, ikamngoja mtu mwenye sindano na dakika kumi, na leo ilikuwa vumbi kwenye sakafu ya banda, imekanyagwa na viatu vya mjane.

"Sema basi," Ardith alisema. "Mimi si mtoto."

"Merle alisema kweli. Ni cha Trask."

Ardith alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo tupu. Hakulia. Alikaa na viganja juu ya magoti kama mtu aliye kituoni, halafu akauliza kwa nini basi namba haionekani.

"Ilishaliwa na kutu zamani," Wendell alisema. "Huko nyuma sana."

"Kwa hiyo sijaharibu kitu?"

"Hujaharibu, shemeji."

Ardith alimtazama. Kisha akaitazama tupa, akarudisha macho kwake, na Wendell hakujua ameamini kiasi gani.

"Themanini walicheka," alisema hatimaye. "Nataka wasikie."

Wendell alimwambia wengi wameshakufa. Ardith akasema watatosha waliobaki. Wendell akawaona mawazoni: wanaume wa sasa, wenye darubini za mezani na sheria yake vichwani, wakikipokea chembe na kukigeuza mara moja tu. Namba iko wapi, mzee? Wangeona tupa imepita. Wangeuliza ni nani mpumbavu aliyefanya hivi, na palikuwa na mtu mmoja tu ambaye Wendell angeweza kumtaja: yeye mwenyewe. Mtambuzi aliyetia tupa kwenye Trask. Wangempatia jina la utani kabla ya chakula cha mchana.

"Watakuuliza maswali," Ardith alisema. "Nakujua wewe na watu wako."

Wendell alikifunga chembe ndani ya leso yake, akakitia mfuko wa shati.

"Julai nitasimama mbele yao, niseme Merle Hoekstra alikuwa na Trask, na mimi ndiye niliyekosea. Wakiuliza, nitajibu mimi. Na hilo nakuahidi, shemeji: hakuna hata mmoja atakayekuja hapa kukuuliza wewe."