Foleni ya Mawe

Nilipohamia Migungani, dada yangu Eliana alinipigia simu kila siku kwa wiki mbili akiuliza kama nimeshaona ngamia. Kwake yeye, mahali pasipo na bahari wala msongamano wa magari ni jangwa. Nilimwambia ngamia hakuna. Kuna mbuzi, miiba, mawe makubwa kuliko nyumba za ghorofa, na ziwa la magadi lenye flamingo ambao watu hutoka mbali kuja kuwatazama.

"Sawa," akasema. "Ukichoka na jangwa lako, kochi bado lipo."

Kochi hilo ndilo lililokuwa kitanda changu kwake kule Tabata, Dar, kwa miaka mitatu tangu nilipomaliza chuo cha utalii. Nililala baada ya wote kumaliza kutazama televisheni, nikaamka kabla hawajaanza kupita. Sikuwahi kumwambia Eliana, lakini siku ya kwanza Migungani, nilipopewa chumba chenye mlango na ufunguo wake, niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Sikutaka kurudi kwenye kochi. Kwa sababu hiyo niliogopa sana asubuhi ile ya Ijumaa.

Kambi ya watalii ya Mzee Bonaventura, iliyoniajiri, ina mahema sita, jiko, na banda la mapokezi. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Singida Mjini. Wageni kutoka Dodoma walikuwa wafike Jumamosi mchana, na Mzee Bona alitaka njia ya kutoka mapokezi hadi kwenye mahema iwekewe mipaka, wasije wakakanyaga mbigili.

"Wewe umesomea," aliniambia. "Ipendezeshe."

Basi Alhamisi mchana, jua likiwa kali na kila mtu yuko kivulini kwake, nilichukua toroli nikaenda kutafuta mawe. Niliyakuta karibu na pampu ya kisima. Yalikuwa ishirini na matatu, yamepangwa mstari mmoja mzuri kana kwamba kuna mtu alijua nakuja. Moja lilikuwa jeusi la kung'aa. Jingine lilikuwa na umbo la mkate, jingine limepakwa rangi ya kucha, jingine jekundu lenye mstari mweupe katikati. Nikasema moyoni, kumbe watu wa huku wanapenda mapambo. Niliyabeba yote kwa safari tatu. Jioni njia ilikuwa imependeza, nikaipiga picha na kumtumia Eliana.

Kesho yake Loyce, mpishi wetu, alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama kwenye ile njia na kikapu chake, akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Damari, hili ni la mama mkwe wangu."

"Nini?"

"Jiwe. Hili la mkate. Analo tangu kisima kichimbwe." Akaweka kikapu chini polepole. "Dada, umeng'oa foleni ya watu."

Akanieleza. Wakati wa kiangazi kisima hukusanya maji taratibu, kwa hiyo pampu hufunguliwa alfajiri tu na hufungwa maji yakikauka. Asiyefikiwa leo, jiwe lake linasubiri kesho. Yeye anakwenda shambani, anachunga, anapika, na jiwe linasimama badala yake. Hakuna anayegusa jiwe la mwenzake.

"Hata mtoto mdogo anajua," Loyce akasema.

"Mimi si mtoto mdogo."

"Ndiyo maana nakuonea huruma."

Hatukumaliza kuongea wakafika wanawake kama kumi, ndoo zao tupu. Mbele alikuwa Mama Evodia, mwangalizi wa kisima, mama mrefu ambaye ufunguo wa pampu huufunga kwenye pindo la kanga yake. Nikapiga goti kidogo nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu. "Mawe yetu tumeyaona. Yamekaa vizuri. Sasa tuambie, nani alikuwa wa kwanza?"

Lea, mke wa fundi baiskeli, akasema wa kwanza ni yeye. Mwingine akasema Lea alikuwa wa tatu tangu juzi. Mwingine akauliza huyo aliyesema hivyo tangu lini anajua kuhesabu. Mama Evodia akainua mkono, wakanyamaza.

"Umesikia?" akaniambia. "Juzi hatukuwa na maneno haya."

Mzee Bona alitoka na shati halijafungwa vifungo. Akaomba radhi, akasema atayarudisha mawe yote pale kisimani kwa dakika tano. Mama Evodia akatikisa kichwa.

"Kuyarudisha pale ni kurudisha ugomvi. Aliyeyabeba atapeleka kila jiwe nyumbani kwa mwenyewe. Amuulize nani alikuwa mbele yake na nani nyuma. Leo pampu haifunguliwi, tutatumia akiba. Kesho foleni ikisimama sawa, na kambi itachota fungu lake kama kawaida. Isiposimama, wageni wako wataoga magadi."

Walipoondoka, Mzee Bona alinitazama. Si mtu mkali. "Damari, bila maji ya kile kisima sina kambi. Hili likishindikana, nitakupandisha basi la Dar mwenyewe. Sitakuchukia, lakini nitakupandisha."

Mimi ni mtu ambaye dukani husubiri wote wahudumiwe ndipo niseme ninachotaka. Na sasa nilikuwa na nyumba ishirini na tatu za kubisha hodi. Nikapakia mawe ya kwanza kwenye toroli, nikachukua daftari, nikaanza na jiwe la mkate.

Mama mkwe wa Loyce alikuwa anapepeta uwele uani.

"Wewe ndiye mwizi wa mawe?"

"Shikamoo bibi. Ndiyo."

"Marahaba. Kaa chini. Mwizi gani anakunywa uji amesimama?" Akanipa kikombe. Aliligeuza jiwe lake pande zote kama mtu anayekagua mtoto aliyetoka shule. "Mbele yangu alikuwa Gasto. Nenda kamwulize, ila akisema alikuwa wa kwanza usimwamini."

Gasto ni mfanyabiashara wa mbuzi, kijana mwenye kifua kipana. Nilimkuta zizini, nikasoma majina ya wenye mawe niliyoandikiwa na Loyce, nikamkabidhi lile jiwe lenye rangi ya kucha.

"Nilipaka lisichanganywe na la mtu," akasema haraka. "Usicheke."

"Sijacheka."

"Umecheka kwa ndani."

Ni kweli nilikuwa nimecheka kwa ndani, na aliposema hivyo nikacheka kwa nje. Hapo akakubali mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba alikuwa wa tano.

Sijui ni nyumba ya ngapi ambapo nilianza kubisha hodi kwa nguvu. Mzee Mughwai hakutaka kuulizwa lolote kabla hajamaliza kuniuliza habari za wazazi, za ndugu, za mvua ya kwetu na za mifugo.

"Hatuna mifugo, babu."

"Hata mbuzi?"

"Hata kuku."

"Poleni sana," akasema, na alisema kwa huzuni ya kweli. Kisha akanitajia watu sita walio mbele yake kwa mpangilio, bila kusita. Kwa Lea nilikula mlenda. Alikiri kwamba alikuwa wa tatu, ila nisimwambie yule aliyesema. Kufikia alasiri nilikuwa nimekula katika nyumba tano, mfukoni nina mbegu za alizeti za kutafuna, na daftari langu lilikuwa na foleni nzima kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini na mbili.

Yalibaki mawe mawili tu, lile jeusi na lile jekundu. Jeusi nililijua ni la Mama Evodia, ambaye majirani walishanitajia nafasi yake. Jekundu, kila niliyemwonyesha aliliangalia, kisha akaangalia pembeni. "Hilo lipeleke mwisho," walisema.

Mama Evodia alikuwa barazani kwake anachambua mboga. Alichukua jiwe lake jeusi akaliweka chini bila kulitazama. Lile jekundu alilipokea kwa mikono miwili.

"Hili ni la Evodia wangu. Yuko Dar, mwaka wa pili huu. Anasuka nywele."

"Nani analisogeza?"

"Mimi. Kila alfajiri. Zamu yake ikifika nalirudisha nyuma, linaanza upya. Halina ndoo, halimzuii mtu. Hawajawahi kunisema." Alifuta vumbi kwenye ule mstari mweupe kwa kidole gumba. "Kule Dar mnapangaje maji?"

"Wengine wana mabomba. Sisi maji yakikatika tulinunua madumu kwa mwenye mkokoteni."

"Kila mtu kivyake."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani anajua kama leo hujafika?"

Nilifikiria lile kochi. Nilifikiria jinsi nilivyokuwa nikilikunja shuka langu mapema, sebule ionekane kana kwamba hakuna aliyelala. Mama Evodia alinisogezea ungo, nikamsaidia kuchambua mboga hadi zikaisha.

Alfajiri ya Jumamosi tulisimama kisimani, wenye mawe wote, kila mmoja na lake mkononi. Nilipaswa kusoma majina. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na mama mkwe wa Loyce akasema, "Binti, unatusomea sisi au unalisomea daftari?" Nikaanza upya. Mmoja mmoja aliweka jiwe lake chini. Nilipofika kwa Gasto nilitaja namba tano, akatazama juu, lakini akaliweka. Nilipomaliza, mstari ulikuwa umesimama na hakuna aliyegombana na mwenzake. Mama Evodia akafungua pindo la kanga.

Kabla hajafungua kufuli aliniita, akanipa jiwe jekundu.

"Lisogeze wewe. Sasa litakuwa na ndoo yako."

"Na Evodia akirudi?"

"Akirudi mtalisogeza wawili. Jiwe halichoki."

Nikaliweka mwisho kabisa wa mstari. Kambi ilipata maji yake, na Mzee Bona hakusema tena habari za basi. Njia yake niliiwekea mipaka ya mabua ya alizeti.

Wageni walifika saa nane. Walipiga picha za flamingo na za mawe makubwa, na jioni niliwapitisha kisimani tukielekea ziwani. Wanawake walikuwa wamekaa pale wakiongea. Mgeni mmoja, baba wa makamo mwenye kofia pana, akainama akainua jiwe jeusi.

"Zuri hili," akasema. "Nitalichukua likazuie mlango ofisini."

"Liache hapo hapo."

Wote waligeuka. Sauti ilikuwa imetoka kwangu, na ilikuwa kubwa. Yule baba alilirudisha chini taratibu.

"Samahani, mheshimiwa," nikasema. "Hilo ni mtu. Ni wa pili kwenye foleni."

Mama Evodia akaanza kucheka, kisha Lea, kisha wote, hata mgeni mwenyewe. Loyce, aliyekuwa amebeba vikombe vya chai nyuma yetu, akasema, "Kumbe sauti unayo. Ulikuwa umeificha wapi?"

Asubuhi iliyofuata nilifika kisimani kabla jua halijachomoza. Watu saba walikuwa wameshachota. Niliinama nikasogeza jiwe langu hatua saba, kisha nikampigia Eliana, nikamwambia kochi amgawie mtu.