Watalii wa Darajani

Nyumba ya Waziri ilikuwa na vyumba vitano, na watu wa nyumba hiyo walilala wakibanana.

Waziri mwenyewe hakuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa fundi bomba. Mtaa ulimpachika jina hilo kwa sababu kila redio ilipotaja idadi ya watalii walioingia nchini, yeye ndiye aliyetoka kibarazani kututangazia, mikono nyuma, kana kwamba amewapokea mmoja mmoja. Koridoni alichora mstari wa idadi hiyo kwa rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Ulianzia chini, karibu na choo, ukapanda mwaka hadi mwaka, ukaanguka mwaka ule mpaka wa nchi ulipofungwa kwa ugonjwa, kisha ukainuka tena hadi ukaipita swichi ya taa.

"Ukigusa dari," alisema, "tunapandisha ghorofa."

Kwa ajili ya mstari huo vyumba vitatu vilitandikwa shuka nyeupe, na taulo zikakunjwa mfano wa bata, zikaketishwa juu ya mito. Vijana wake wawili, ndevu zimeshawaota, walilala sebuleni miguu ikining'inia nje ya kochi. Wageni waliowahi kulala humo ni dereva wa lori lililoharibika na jamaa wawili waliokuja kwenye msiba wa jirani, nao hao wa msiba waliondoka kimyakimya bila kulipa.

Aliyewakung'uta vumbi bata wale ni mkewe, ambaye mtaani tunamwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Alizaliwa ng'ambo ya daraja, nchi ya pili, akaolewa upande huu. Ameshasahau hata harufu ya nyumba ya ujana wake, lakini kadi yake ya kupitia mpakani bado ni ya kwao. Kuibadilisha kuna nenda-rudi zake, na mtu mwenye kazi huahirisha.

Huko kwao alibaki mama yake, peke yake, hawezi kuinuka tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Basi Fundi alidamka, akavuka daraja, akamwogesha, akampikia, akamgeuza ubavu, akamwachia maji karibu na mkono. Jioni alirudi kushona sare za watu. Hakuwa na siku ya kupumzika. Alikuwa na siku ya kufua.

"Baba watoto," alisema siku moja, "mama achukue chumba kile cha mwisho, cha karibu na bafu."

"Hicho ndicho wanachokipenda."

"Nani?"

"Wageni. Wanapenda bafu liwe karibu."

"Umewauliza lini?"

"Mke wangu, tazama ukuta. Watu wanaingia. Wakiingia watalala wapi, kwenye nyaya za umeme? Sasa nimweke mama mkwe humo, halafu basi limejaa wageni lisimame hapo nje. Nikamwamshe mama mkwe nimwambie ahame? Huo si utovu wa adabu?"

Alikuwa na heshima sana kwa mama mkwe wake alipokuwa mbali.

Fundi aliutazama ukuta. Mstari ulikuwa umeanza kupanda kwa kasi mwaka uleule mama alipoanguka. Mwaka wa wenzangu kuja kustarehe, aliwaza, ndio mwaka wangu wa kubeba beseni. Akarudi kwenye cherehani.

Pale darajani kuna swali moja dirishani: unaingia kufanya nini? Na kuna jibu moja: matembezi. Aliyesema biashara alipelekwa dirisha la pili akafunguliwa mizigo mpaka jua likamchoma. Aliyesema naenda kwa mume wangu aliulizwa kibali cha ukaazi. Matembezi hayakuwa na swali la pili. Wauza nyanya walisema matembezi. Wabeba saruji walisema matembezi. Kuna bwana alivuka na mlango mzima kichwani, bawaba zikigongana, naye akasema matembezi.

Jioni moja mtandao ulikwama na foleni ikasimama. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Afisa wa dirishani, ambaye sote tunamwita Mhuri, akamtazama.

"Dada, leo umechoka."

"Leo tu?"

"Ukianguka hapa nitapata kesi. Wewe ndiye mtalii wangu mkubwa."

Fundi alidhani ni utani wa kuua wakati. Mhuri akamgeuzia kompyuta. "Ona. Ukisema matembezi, mimi nabonyeza hapa, mtalii. Inapanda makao makuu."

"Kila nikiingia?"

"Kila ukiingia. Kadi yako si ya ng'ambo?"

"Na yule mwenye mlango?"

"Mtalii."

"Na ile hesabu ya redioni?"

"Sasa wanaitoa wapi, dada? Wa ndege wapo, lakini wanashukia huko mbali. Wanaojaza hesabu ya upande huu ni nyinyi."

Mtandao ukarudi. Akabonyeza.

Fundi alitembea taratibu hadi nyumbani. Kila alipotoka kumwogesha mama, alirudi akauinua ule mstari. Na ule mstari ndio uliomfungia mama mlango.

Alimkuta Waziri juu ya stuli, kopo la rangi mkononi. Redio ilikuwa imetangaza.

"Wamezidi tena," alisema Waziri.

"Ongeza na mmoja. Nimeingia sasa hivi."

"Utani wa nini?"

Akamweleza, amesimama, mkoba bado begani. Waziri alisikiliza mpaka rangi ya brashi ikamchuruzikia kwenye kiatu.

"Na yule wa mlango?"

"Naye."

"Mlango ule niliufunga mimi," Waziri akasema polepole. "Kwenye choo cha jirani." Akashuka kwenye stuli, akaketi juu yake.

"Kesho namleta mama," alisema Fundi. "Sikuombi. Sina nguvu ya kuomba wala ya kuvuka tena."

Asubuhi Waziri alikuwa ameshaazima kiti cha magurudumu, na ni yeye aliyekisukuma darajani huku jasho likimtoka.

"Bibi anaingia kufanya nini?" Mhuri aliuliza.

Foleni nzima ilisubiri jibu letu la siku zote.

"Kulala," alisema bibi.

Mhuri alitafuta kwenye kompyuta, hakuona pa kubonyeza kulala. Akabonyeza palepale pa siku zote, akawapungia wapite.

Chumbani bibi alimwona bata juu ya mto. "Na huyu?"

"Wa wageni, mama," alisema Waziri.

"Wageni gani?"

Waziri alimchukua bata, akamkunjua, akamkunja upya bapa, akamweka chini ya nyonga ya mama mkwe wake. Vijana wakahamia chumba cha pili bila kuambiwa.

Miezi ikapita. Redio ikasema idadi imeshuka kidogo, na mtaalamu mmoja akaeleza kwamba ni hali ya uchumi duniani. Waziri alishika brashi, akaenda koridoni. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa amelala mchana kweupe juu ya shuka nyeupe, viatu miguuni, tepu ya kupimia shingoni.

Akairudisha brashi kwenye kopo, akaenda kupunguza sauti ya redio.